Mdogo wangu ameanza ushauri nasaha lakini haambiwi la kufanya: je, hiyo ndiyo tiba?

Mwalimu_Tandahimba

Assalaam alaikum, ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 34, ni mkulima wa korosho hapa Tandahimba. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, msimu wa kupulizia salfa umempita akiwa amelala ndani, na ubwiriunga, yaani ukungu unaoshambulia mikorosho, umekausha maua ya mikorosho aliyoachiwa na marehemu baba. Shemeji alidhani ni uvivu. Mama akasema ametupiwa kitu, akasomewa dua mara tatu. Hatimaye tulimpeleka hospitali, akaambiwa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu ya mambo, akapewa vidonge vya amitriptilini vya kumeza usiku na kupangiwa kuonana na mnasihi kila wiki.

Amehudhuria vikao 2, na kila akirudi analalamika kwamba yule mama hampi ushauri wowote: anamuuliza maswali, anamsikiliza, kisha anampa daftari aandike alichofanya asubuhi, mchana na jioni. Nauli ya kwenda Mtwara mjini na kurudi si ndogo kwa mtu ambaye safari hii hatakuwa na mzigo wa kupeleka mnadani. Naomba kueleweshwa kama hiyo ni tiba au ni mahojiano tu, na kama zipo njia nyingine zinazomfaa zaidi.

Muuguzi_Shangani

Waalaikum salaam, Mwalimu. Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili kwa miaka mingi, na swali lako naliulizwa karibu kila wiki. Utata unaanzia kwenye jina lenyewe, kwa maana sisi tukisikia "ushauri nasaha" tunatarajia mtu aketishwe na kuelekezwa, kama wazee wanavyomwelekeza bwana harusi. Mnasihi aliyefunzwa hujizuia kufanya hivyo, kwa kuwa mgonjwa wa sonona amekwisha kuambiwa "jikaze" na kila anayemfahamu, na neno hilo halijamwinua kitandani.

Kwa unavyoeleza, inaelekea anatumia tiba ya fikra na tabia. Mizizi yake mojawapo ni kazi ya Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, Marekani, ambaye katika miaka ya 1960 aligundua kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo ya haraka ya kujidharau, yanayopita kichwani kabla hawajayapima. Mtazame mdogo wako: hakupulizia salfa, akajiambia kuwa yeye si mtu wa maana, akazidi kulala, shamba likaharibika, na uharibifu ule ukawa kwake ushahidi kwamba kweli si mtu wa maana. Daftari linatafuta pa kuukata mzunguko huo. Likionyesha kwamba alipata nafuu kidogo siku aliyokaa barazani na jirani, mnasihi ataanzia hapo, kisha atampa kazi ndogo, tuseme kupalilia chini ya mkorosho mmoja (mmoja, Mwalimu, msimwongezee wa pili). Baadaye ndipo watayachukua mawazo yenyewe na kuyapima. Vikao huwa kati ya 8 na 20, kila kimoja dakika 45 hadi 60, kwa hiyo viwili ni mwanzo tu.

Kuhusu vidonge, vinaweza kumkausha mdomo na kumtia usingizi kabla ya kumletea nafuu, ambayo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa. Asiviache bila kumwona daktari. Vikimezwa vingi kwa pamoja vinaua, hivyo shemeji yako avitunze na kumpa cha siku, na viuatilifu vya korosho viondoke nyumbani kabisa. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo hilo, na akikubali, msingoje kikao kijacho: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Bibi_Mikindani

Mimi nilipitia njia tofauti. Nilipofiwa na mwanangu, mnasihi wa kwanza aliyatoa maneno yangu nje, nikayasikia kisimani, na sikurudi kwake. Wa pili alifuata njia inayotokana na Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani: hakunihukumu, hakunipa kazi ya nyumbani, na wiki tatu za mwanzo nililia tu naye akinisikiliza. Ningepewa daftari wakati ule ningeliwashia moto jikoni.

Nasema hivi kwa sababu umemtaja "marehemu baba" kwa kupita tu. Alifariki lini? Ipo tiba inayoshughulikia hasa misiba, ugomvi na mabadiliko ya nafasi ya mtu katika familia, na nchini Uganda iliwahi kutolewa kwa vikundi vya wanakijiji wenye sonona, wakapata nafuu kubwa.

Mzee_Nangurukuru

Pamoja na heshima zangu kwa muuguzi, hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tulifundishwa uvumilivu jandoni.

Muuguzi_Shangani

Shikamoo, mzee wangu. Huko Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaani, wakiketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Mgonjwa hutaja matatizo yake yote, huchagua moja, na bibi humsaidia kutafuta hatua ya kulitatua. Ugonjwa wenyewe wanauita *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo nadhani hata jandoni lisingehitaji mkalimani. Dua nazo ziendelee, mradi zisichukue nafasi ya kliniki.

Mwalimu_Tandahimba

Nashukuruni sana. Bibi, shikamoo, swali lako limenikalisha chini. Baba alifariki miezi minane iliyopita, na tangu arobaini yake baba mdogo anadai nusu ya mikorosho. Nimemuuliza mdogo wangu kama mnasihi analijua hilo, akasema hajamwambia, kwa kuwa alidhani mambo ya ukoo hayasemwi hospitali. Kuhusu kujiua amekana, ila vidonge sasa anavyo shemeji, na viuatilifu nimevihamishia kwangu. Kikao cha tatu ni Alhamisi. Nitamsindikiza, nami nitakaa nje.