UZI: Bima moja imegeuka mbili, na bado nimetukanwa mbele ya watu kwa shilingi arobaini

Baba_Masinki (mwenye uzi)
Wakuu, naandika mkono unatetemeka na chai sijanywa, kwa hivyo msinisahihishe herufi. Natoka kwa yule karani wa bima. Mnamjua. Kila anayeingiza mzigo bandarini Kilindini, Mombasa, anamjua, na ile kalamu yake ya kubofya, tik, tik, tik, kama anakuhesabia siku zilizobaki.

Nimeagiza kontena ya masinki kutoka Mundra, India. Kontena MOJA. Meli MOJA. Nikaenda kukata bima ya baharini kama raia mwema, maana tangu Januari 2017 mzigo wa kuingia Kenya sharti ukatiwe bima humu humu, ile ya kuletewa na muuzaji ndani ya bei ilipigwa teke. Sawa. Juu ya malipo ya bima, asilimia 0.2 ya tozo ya mafunzo, nimekubali. Asilimia 0.25 ya mfuko wa fidia ya wenye bima, nimekubali. Kushuka chini naona ushuru wa stempu, ile kodi ya hati, shilingi 40. Mstari wa pili, ushuru wa stempu, shilingi 40. TENA.

Nikauliza kwa adabu zote nilizofundishwa na marehemu bibi. Eti bima yangu ni ya safari (hadi mzigo ufike) NA ya muda (kwa siku zilizopangwa), kwa kuwa mzigo ukishuka utakaa ghalani, basi zahesabiwa mbili. Yaani masinki yangu yanasafiri huku yamekaa! Nikamwambia, "Mwanangu," mzigo wowote ukishushwa hukaa, ulitaka upae?

Ndipo akaiweka kalamu chini. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema, kwa sauti iliyofika ngazini: "Ami, kama arobaini yakuuma, kontena uliileta ya nini?"

Watu wakacheka! Mlinzi akacheka. Kuna mama alikuja kulipia bima ya tuktuk, ugomvi wetu haujui wala haumhusu, alicheka hadi akashika ukuta.

Kontena uliileta ya nini. Mimi! Nina wajukuu!

KijanaWaKongowea
Ami, kwani kontena uliileta ya nini 😂😂😂

Baba_Masinki
Wewe laana itakupata kabla ya adhuhuri.

Hesabu_Kali
Subirini. Umechoma mafuta kuja mjini, umelipa maegesho ya kaunti, umechoma bando kuandika gazeti lote hili, unadai bob 40?

Baba_Masinki
Si arobaini! Ni KAULI! Angenitoza elfu nne kimya kimya ningelipa nikaenda zangu. Mbele ya mlinzi, jamani. Mlinzi mwenyewe namnunulia mahamri kila nikienda.

Nahodha_Mstaafu
Tulizeni munkari. Huyo karani hakulizua, amelisoma mahali akalielewa nusu. Sheria ya stempu ya Uingereza ya 1891 ilisema bima ya baharini ikikatwa kwa safari na pia kwa muda, au ikilinda kupita siku 30 tangu chombo kifike kiendako na kutia nanga, itatozwa kama ya safari na tena kama ya muda. Zote mbili. Wahindi wakaiweka hivyo hivyo katika sheria yao ya 1899, kifungu cha 7. Zama hizo viwango vya safari na vya muda vilikuwa mbalimbali, ndiyo maana watu walikesha wakibishana hii iwekwe fungu gani.

Baba_Masinki
Nahodha nakuheshimu, lakini umesema CHOMBO kitie nanga. Sinki linatia nanga wapi? Na hata kama lingetia, hiyo ndiyo sababu ya kuniuliza kontena niliileta ya nini?

Binti_wa_Faili
Nahodha, malizia basi hadithi. Waingereza wenyewe walishaufuta ushuru wa stempu kwenye bima hizo mwaka 1970. Na bima ya mizigo kwa vile vifungu vya London, masharti ya kawaida ya bima ya mizigo, huendelea hadi siku 60 baada ya mzigo kupakuliwa kutoka melini bandari ya mwisho, na wote tunaiita ya safari. Tukifuata akili ya yule kila mwagizaji atalipa mara mbili. Hapa kwetu ni shilingi 40 kwa hati, iwe ya safari, iwe ya muda, iwe ya kulala. Unaotozwa ni waraka, sinki halitozwi stempu. Mzee, ulipewa hati ngapi?

Baba_Masinki
Moja, dada yangu! Kurasa mbili, na ya pili ina nembo tu!

Binti_wa_Faili
Basi rudi ukamwambie.

Baba_Masinki
Nirudi pale? Yule mama wa tuktuk akiwepo je?

KijanaWaKongowea
Mimi nilikuwepo. Hajaeleza kwamba alipiga meza, na stepla ikaanguka.

Baba_Masinki
Stepla ilikuwa ukingoni!!

Mtu_wa_Embakasi
Nyinyi mnalilia arobaini. Mimi zile siku mizigo ikilazimishwa kupanda reli hadi Nairobi nilitozwa gharama za kuchelewesha kontena ambayo hata hawakujua iko wapi. Waliitafuta wakaikosa, na invoisi ikaendelea kuja kila asubuhi.

Mdau_Kurasini
Poleni majirani. Huku Dar nasi tangu 2018 mzigo wa nje tunaukatia bima nyumbani. Lugha za kaunta ndizo hizo hizo, ila wetu anakutukana huku anakuita "mheshimiwa".

Mama_Mitumba
Heri wewe waitwa mheshimiwa. Wangu alinambia belo zangu zanuka, bimani haziingii vizuri. Zinaingiaje vizuri? Zivae manukato?

Mtu_wa_Embakasi
Mama Mitumba na mimi tufungue uzi wetu, huu umejaa nanga.

Nahodha_Mstaafu
Kwa faida ya wasomaji, kuna pia bima mchanganyiko, safari na muda ndani ya hati moja, na sheria yetu ya bima za baharini, Sura ya 390, inairuhusu kabisa...

Hesabu_Kali
Nahodha lala.

Baba_Masinki
Jamani turudi kwenye mada. "Uliileta ya nini." Nani amewahi kuambiwa hivyo na mtoto wa kumzaa?

Fundi_Bomba_Bamburi
Mzee, hayo masinki ni ya mguu au ya kubandika ukutani?

Baba_Masinki
Ya ukutani, meupe. Mbona?

Fundi_Bomba_Bamburi
Nina nyumba ya kupangisha naimalizia, nataka manane. Bei gani?

Baba_Masinki
4,500 moja. Ukichukua kumi tutaongea.

Fundi_Bomba_Bamburi
Nipe kwa 4,460. Hiyo arobaini niachie.