Nguzo ya Bastille imeandikwa 27, 28 na 29 Julai. Gereza si lilivamiwa tarehe 14?

Kinda_wa_Temeke:
Wakuu, habari za leo. Nipo Paris wiki ya pili sasa, nimekuja kumsalimia dada aliyeolewa huku. Jana kanipeleka uwanja wa Bastille. Nikajua nitakuta gereza, walau kipande cha ukuta, maana shuleni tulikariri: 14 Julai 1789, wananchi wakavamia Bastille, basi. Nimekuta nguzo ndefu ya shaba iliyoingia ukijani, juu yake kijana wa dhahabu mwenye mabawa kasimama kwa mguu mmoja. Chini imeandikwa 27, 28, 29 Julai 1830. Dada anapita hapo kila siku kwenda kazini, hajawahi hata kuisoma. Shemeji, Mfaransa wa kuzaliwa, kasema "ni mapinduzi" akaendelea kutafuta pa kuegesha gari. Mapinduzi gani tena hayo?

Dereva_wa_Usiku:
Hawajakosea, mkuu. Gereza la 1789 lilibomolewa jiwe kwa jiwe, na siku linavamiwa lilikuwa na wafungwa 7 tu. Ukitaka ukuta, shuka metro kituo hichohicho cha Bastille, jukwaa la laini 5, utaona mawe ya msingi wake pembeni. Watu wanayapita wakiangalia simu. Hiyo nguzo ni ya mapinduzi mengine kabisa, na hapo namwachia Mzee Risasi. Mzee, shikamoo, njoo huku.

Mzee_Risasi:
Marahaba. Nimefika.

Kinda, mapinduzi ya 1830 mimi nayapenda kuliko yale makubwa, na sababu ni ya ubinafsi: yalianzia kwetu wapiga chapa. Mimi nilikuwa mpanga herufi Dar, enzi za herufi za risasi, yaani yale madini. Unasimama mbele ya sanduku, unaokota herufi mojamoja, unapanga mstari kinyume, unausoma kinyume. Kila siku tulipewa maziwa, wakisema yanatoa risasi kifuani. Jina langu la humu limetoka huko.

Sasa sikiliza. Mfalme alikuwa Charles X, mdogo wake yule Louis XVI aliyekatwa kichwa. Wachaguzi walimpa bunge asilolitaka, naye tarehe 25 Julai akiwa kwenye jumba lake la Saint-Cloud akasaini amri zake: bunge livunjwe, haki ya kupiga kura ibanwe zaidi, na gazeti lolote lisitoke bila kibali cha serikali. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 26 zikachapishwa kwenye gazeti la serikali. Yeye akaenda zake kuwinda Rambouillet! Wiki tatu nyuma jeshi lake lilikuwa limeteka Algiers, nadhani alijiona hashikiki.

Amri kama hiyo wakubwa wanaisoma kama mambo ya siasa. Mpiga chapa anaisoma kama mshahara. Wenye viwanda waliogopa, wakafunga milango, na vijana wa chapa wakajikuta mtaani, hawana kazi wala posho, mikono bado ina wino. Ndio waliokuwa wa mwanzo mwanzo kujaa mtaani.

Magazeti machache yalitoka tarehe 27 bila kibali, na polisi wakatumwa kwenda kuharibu mitambo. Hapa kuna kisa ambacho huwa nawasimulia wajukuu. Gazeti la Le Temps lilikuwa mtaa wa Richelieu. Mkuu wake, Baude, akafunga mlango wa chumba cha mitambo, akasimama mbele yake kichwa wazi, mkononi kashika kitabu cha sheria. Kamishna wa polisi akaita fundi wa makufuli aje auvunje. Baude akamfungulia fundi kitabu, akamsomea kwa sauti, mbele ya wafanyakazi wote na watu waliojaa mtaani, kifungu kinachoeleza adhabu ya mtu anayevunja mlango ili aibe. Fundi akavua kofia. Akakataa. Wakaleta wa pili, naye akasomewa, naye akakataa. Saa zikapita hivyohivyo. Mwishowe wakamleta fundi ambaye kazi yake ilikuwa kuwafunga wafungwa minyororo, huyo ndiye aliyefungua. Mimi huwa namfikiria yule wa kwanza. Siku hiyo alirudi nyumbani bila ujira.

Jioni yake risasi zikaanza kulia. Tarehe 28 barabara zimeng'olewa mawe, mikokoteni na mapipa yamepinduliwa kuwa vizuizi, joto kali, na wanajeshi wa Marshal Marmont, kamanda wa mfalme, wamekwama katika vichochoro huku wakirushiwa mawe na samani kutoka madirishani. Tarehe 29 vikosi viwili vikageuka upande wa wananchi, jumba la kifalme la Louvre likatekwa, na la Tuileries nalo. Siku tatu. Ndizo hizo ulizoziona. Na yale maandishi ya dhahabu yanayoizunguka nguzo ni majina ya waliokufa, 504. Mabaki yao yako chini yake, waliyahamishia hapo nguzo ilipozinduliwa 1840. Ulikuwa umesimama juu ya kaburi, mwanangu.

Kimoja zaidi ambacho hakimo kwenye nguzo: siku hizohizo wapiga chapa walivunja mashine mpya za kuchapia kwenye kiwanda cha serikali, kwa sababu zilikuwa zinawala ajira. Wanaowacheka waendelee. Ofseti, uchapaji usiohitaji herufi za risasi, ilipoingia kwetu tuliitwa 12 asubuhi moja, tukapewa bahasha na mkono wa kwaheri. Hatukuvunja kitu. Sijui kama hiyo ni sifa.

Kinda_wa_Temeke:
Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, na dada nimemsomea. Kwa hiyo walishinda, Ufaransa ikawa jamhuri?

Bi_Tumbatu:
Hahaa, mpe pole mtoto wa watu kabla hujamjibu.

Mzee_Risasi:
Marahaba. Pole, mwanangu. Walimtoa mfalme wakapewa mfalme. Waliopigana walikuwa mafundi seremala, waashi, washona viatu, wapiga chapa. Wenye fedha zao wakakutana haraka wakamleta binamu wa mfalme, Louis-Philippe. Tarehe 31 akapanda kwenye roshani ya jumba la manispaa, Lafayette, jenerali mzee aliyependwa na watu, akamkumbatia wakiwa na bendera ya rangi tatu, watu wakashangilia. Charles X akaondoka kwa meli kwenda Uingereza. Na kura? Wapiga kura walikuwa kama 100,000, wakawa kama 170,000, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 30. Ilibidi ulipe kodi faranga 200 kwa mwaka. Mpanga herufi angezitoa wapi?

Nguzo aliijenga Louis-Philippe huyohuyo. Februari 1848 zamu yake ikafika. Watu wakaingia Tuileries, wakakibeba kiti chake cha enzi wakikipitisha mitaani mpaka Bastille, wakakichoma moto chini ya hiyo nguzo yake. Na waliokufa safari hiyo nao wakazikwa palepale.

Ukipita tena, nipigie picha ya majina. Sogea karibu yasomeke, macho yangu unayajua.

Kinda_wa_Temeke:
Jumamosi nakwenda, mzee. Shemeji safari hii anakuja kwa miguu.