Naomba ushauri: mafuta ya jeshi pale bomba linapoishia

Wakuu, shikamooni. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mafuta ya kijeshi na nimekwama.

Mfano wangu ni mtandao wa mabomba wa NATO wa Ulaya ya Kati: zaidi ya kilomita 5,000, kupitia Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani, Luxembourg na Uholanzi. Wakati wa amani hupeleka hata mafuta ya ndege za kiraia. Lakini mashariki unakomea Ujerumani. Kikosi cha NATO kilichoko Lithuania kinategemea treni, malori na maghala ya nchi mwenyeji, na reli nyingi za huko zina upana tofauti, hivyo mafuta lazima yahamishwe njiani.

Mliofanya kazi bohari za mafuta au jeshini: makadirio nianzie kwenye matumizi ya magari na ndege, au kwenye uwezo wa mwenyeji kupokea na kupakua? Msimamizi wangu anataka la kwanza. Mimi naona la pili ndilo linaloamua. Mwaka 1944, kwenye Vita Kuu ya Pili, mafuta yalikuwepo Normandy, pwani ya Ufaransa, vikosi vya Washirika vikakwama mbele kwa uhaba wa usafiri.

Na mkataba na nchi mwenyeji useme nani anapima ubora wa mafuta yanapokabidhiwa? Nisaidieni, nawasilisha mwezi ujao.