Tupeane uzoefu: kuangalia sehemu sita za tamthilia kwa siku moja na kuzichambua (wa Tanga na Bagamoyo karibuni)

Mwanzisha uzi, Tanga
Wadau, wikiendi vituo vingi vinarudia sehemu za wiki nzima mfululizo, na hapo ndipo uchambuzi unapoharibika. Ya pili inaingiliana na ya nne, mtu anaandika kofi lilipigwa harusini kumbe lilipigwa msibani. Anayejua namna ya kwenda nazo aweke hapa, kwa vipimo. "Inategemea" hatutaki.

Daftari la Ngamiani
Hesabu kwanza. Sehemu sita za dakika 45 ni saa nne na nusu. Ongeza dakika 10 za kuandika kila moja ikiisha, ni saa nzima tena. Ukianza saa 3 asubuhi, ukitoa sala ya adhuhuri na chakula, unamaliza karibu na alasiri. Zaidi ya sita unaangalia tu, huchambui.

Ukurasa mmoja kwa sehemu moja. Kushoto dakika, kulia tukio kwa maneno machache: "12, barua chini ya mto". Ukinakili mazungumzo utakosa sura za waigizaji. Kabla ya kuachia inayofuata, andika hukumu yako mstari mmoja. Hukumu ikingoja jioni, sehemu ya mwisho ndiyo itakayoamua: ikiwa tamu zote zinasifiwa, ikiwa mbovu zote zinapondwa.

Nyuma ya daftari chora jedwali la siri. Majina upande, siri juu, kisha weka alama nani anajua na tangu sehemu ipi. Tamthilia zinaishi kwa siri: mtoto si wa baba yule, wosia umebadilishwa. Shangazi akitaja wosia sehemu ya 31 na jedwali linaonyesha hajaambiwa na mtu, hapo umemkamata mwandishi, na ushahidi unao.

Bi Raskazone
Niongeze kwa za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Kwao Uturuki sehemu moja ya wiki huvuka saa mbili. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi. Ndiyo maana nyingine inakatika mtu anamimina chai, hakuna taharuki wala nini. Msimlaumu mwandishi, mkato si wake. Zipimeni mbilimbili au tatutatu.

Na alama za uigizaji mzitenganishe jamani. Uso ni wa yule wa Uturuki, sauti ni ya mwigizaji wetu. Macho yanalia huku sauti inasoma kama taarifa ya habari? Lawama ziende studio ya sauti.

Mtu wa Dunda, Bagamoyo
Kwa zinazopigwa pwani, tazameni maji. Wawili wanaongea ufukweni, kamera ikimwonyesha binti, mawimbi yako miguuni; ikigeukia kwa kijana, nyuma yake mchanga mtupu na ngalawa zimelala ubavu. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) tofauti huzidi mita 3. Mazungumzo ya dakika mbili yamerekodiwa asubuhi na mchana, halafu yakaunganishwa. Andikeni dakika yake, wahariri wanaona.

Jingine: mtu anatoka Caravan Serai, kile kituo cha zamani cha misafara Bagamoyo mjini, kwa miguu, mkato mmoja yuko magofu ya Kaole hata jasho hana. Ni kama kilomita 5 pale. Upepo kwenye maiki nao ni kosa la kawaida huku kwetu. Sikilizeni kwa spika za masikioni, spika ya TV inaficha.

Fundi wa king'amuzi
Wa bando: ubora wa kati hula karibu MB 700 kwa saa, HD inaweza kufika GB 3. Sehemu sita basi ni GB 3 na kidogo, au zaidi ya 13. Wa flashi: iliyofomatiwa FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili) haipokei faili linalozidi GB 4, ndiyo sababu msimu uliounganishwa unagoma. Maandishi ya tafsiri yasipotokea kwenye TV, lipe faili la srt jina lilelile la video. LUKU isiwatishe: TV ya LED inchi 32 na king'amuzi kwa siku nzima hiyo hata nusu uniti haifiki.

Mwanzisha uzi
Wakuu, vipi kuruka "yaliyopita"? Na kuongeza kasi?

Daftari la Ngamiani
Sehemu ya kwanza ya siku, usiruke. Vipande walivyochagua kukumbusha ndivyo vitakavyotumika leo. Kuanzia ya pili ruka, unaokoa dakika mbili tatu kila moja.

Bi Raskazone
Kasi hapana. Ukimya wa mwigizaji kabla ya kujibu ndio unaopimwa, ukiweka 1.5 umeufuta. Itumieni mkirudi kutafuta dakika ya tukio tu.