Wazazi wangu wanaachana, mahari yangu ipokelewe kwa nani?

Binti_Ruashi: Habari za jioni, wakubwa na wadogo. Naomba ushauri, si matusi. Baba na mama wanaachana. Faili imefika kwa jaji, ameshawaita kwa upatanisho na hawakupatana. Baba amebaki nyumbani, mama yuko kwa kaka yake komini ya Kenya (mtaa wa Kenya wa hapa Lubumbashi, msiniulize visa). Mimi ndiye mkubwa. Mdogo wetu wa mwisho bado yuko primeri na anaanza kukojoa kitandani tena.

Sasa mchumba wangu anataka kuleta mahari. Baba amesema mahari ya binti yake itapita mlango wake, au haitapita. Mama anasema nikikubali hivyo nisikanyage kwake. Niwapeleke watu wapi?

Papa_Kamalondo: Mwanangu, kwanza nani alimkosea nani? Kijana wa leo anakimbilia mahari, wazazi wanaanguka pembeni yake! Mimi nilipoachana na mama wa watoto, mahari ya binti yangu ilipokelewa kwa shemeji. Nikatumiwa picha ya mbuzi kwenye simu. Yule mbuzi alikuwa mnene kweli. Kisha siku ya harusi nikaombwa nimsindikize binti. Nilienda, lakini sikula.

Corbeau_wa_Moyo: Swali moja tu: baba ni shabiki wa timu ya Mazembe, mama wa Lupopo? Hapo hata jaji hawezi.

Mama_Chibwabwa: Miye ni mu-Bemba. Kwetu mutoto ni ya bukoo ya mama, mujomba ndiye anakamata mali. Baba anapewa heshima yake, basi. Mama yako ni kabila gani?

Binti_Ruashi: Mama ni Mbemba, baba ni Mluba. Ndiyo vita yenyewe.

Papa_Kamalondo: Kwa Waluba mtoto ni wa baba. Nimemaliza.

Mama_Chibwabwa: Umemaliza kwako.

Toge_Kuukuu: Sheria ya familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka mchumba na familia yake wapatane na wazazi wa binti juu ya mahari, na walau sehemu yake iwe imetolewa kabla ya ndoa ya komini, ile ya kiserikali. Talaka inavunja ndoa ya hao wawili, haikutoi wewe kwa baba yako. Na mpaka hukumu itoke, hao bado ni mume na mke. Lakini dada, unauliza mlango kama mtu ambaye mzigo umeshashushwa. Familia ya mchumba imetoa nini mpaka sasa?

Binti_Ruashi: Walibisha mlango tu, na barua.

Toge_Kuukuu: Barua na nini?

Binti_Ruashi: Walitoa kitu kidogo.

Mama_Chibwabwa: Kidogo iko mu mukono ya nani?

Binti_Ruashi: Sawa. Mchumba alimpa mama karibu pesa yote. Mimi ndiye niliyemwambia ampe. Mama akamlipa avoka wake, wakili wa talaka. Msinihukumu! Baba ana mshahara, ana nyumba, ana ndugu zake wanaomjaza maneno. Mama alitoka na begi moja. Mahari ni shukrani kwa aliyenilea, na alfajiri nani alikuwa anauza mikate barabarani ili nisome? Baba atapewa suti yake na mbuzi wawili, hiyo ndiyo heshima.

Papa_Kamalondo: Ati nini? Mzee wa watu anashtakiwa kwa mahari ya binti yake mwenyewe, na bado anasubiri suti! Mungu atusaidie.

Corbeau_wa_Moyo: Suti aivae siku ya hukumu.

Njia_Kasumbalesa: Ndugu zangu, mnalishwa. Hadithi hii imenyooka mno. Mbemba na Mluba, binti mkubwa, mtoto anayekojoa, na pesa inayozunguka mpaka kumrudia baba kama kesi. Huyu anatunga mchezo wa redio. Binti, kama ni kweli, tuambie orodha ya mahari ilikuwa na nini.

Binti_Ruashi: Suti ya baba, viatu vyake namba 43, vitenge sita vya mama, koti ya mjomba, blanketi ya bibi, chumvi, mafuta, mbuzi wawili. Na baiskeli, ila walikataa.

Njia_Kasumbalesa: Hiyo ni orodha ya kila mtu.

Mama_Chibwabwa: Koti ya mujomba haiko ya kila mutu. Miye namuamini. Na kama ni bongo, ni uongo, mutoto anayekojoa yuko kwangu pia, tangu baba yake akamate njia ya Kolwezi.

Toge_Kuukuu: Tunga au usitunge, jibu ni lile lile. Baba yako atajua. Mchumba ana wajomba, na wajomba wana midomo. Mtume mtu mzima wa upande wa baba, shangazi kama yupo, amwambie kabla ya kikao. Usiende wewe. Mbuzi na suti vipite mlango wake kweli, watu wakae, wanywe.

Binti_Ruashi: Shangazi ndiye anayemjaza maneno. Na sitasema habari ya avoka. Kikao kitakuwa kwa mjomba, nimeshawaambia watu wa mchumba. Nilitaka tu kujua kama ni vibaya.

Njia_Kasumbalesa: Aliyeamua hatafuti ushauri, anatafuta makofi.

Papa_Kamalondo: Binti, mpeleke baba yako mbuzi mzima. Si picha.

Mama_Chibwabwa: Huyu avoka ya mama yako, anafanya muzuri? Nitumie namba yake pembeni.