Alama za kurejesha zinazojiweka zenyewe kwenye laptopu

Kutoka: Mama Neema, Leeds

Wadau, habari za wikendi. Wakubwa shikamooni.

Naomba msaada wa kompyuta, na mnijibu taratibu maana mimi si mtu wa mitambo. Laptopu yetu ya nyumbani ni ya Windows 11, diski yake ndogo, 128 GB. Wiki ya pili sasa kile kistari cha diski C ni chekundu. Nimefuta picha, nimehamishia video za harusi ya mdogo wangu kwenye diski ya nje, lakini siku mbili hazipiti nafasi imeliwa tena. Jana mwanangu akaingia huko kwenye mambo ya kurejesha mfumo akaniita: "Mama, njoo uone." Kuna orodha ya alama za kurejesha kumi na moja, na hakuna hata moja niliyoiweka mimi wala yeye. Karibu zote zina jina la ile programu ya ulinzi iliyokuja na laptopu tangu dukani, ile ya majaribio. Zimewekwa saa 3:10, halafu dakika chache mbele nyingine tena.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba mwezi uliopita mtu alinipigia simu akasema anatoka kampuni ya kompyuta, eti mashine yangu imeingiliwa. Nilimkatia. Sasa najiuliza, ndiye aliyeingia? Benki yangu na zamu zangu zote za kazini nazifungulia humo.

Kutoka: Baba Salma, Muscat

Asalaam alaykum jamaa. Pole Mama Neema.

Mie nilikuwa na chumba cha intaneti Darajani enzi za Windows XP, na dawa yetu ilikuwa moja tu: zima huo urejeshaji wote, alama zifutike, piga antivairasi, kisha washa. Virusi vilikuwa vinajificha mle kwenye folda ya System Volume Information, antivairasi inaviona lakini haiwezi kuvigusa. Kila wiki tulikuwa tukifanya hivyo. Zima upumue.

Halafu hiyo saa 3:10 ni saa tatu usiku au saa tisa? Maana nyie wa Ulaya mnatuchanganya.

Kutoka: Fundi, Minneapolis

Mama Neema, usizime kitu bado. Baba Salma, kwa heshima zote, dawa yako ilikuwa ya XP na ilikuwa na sababu zake, lakini leo ukizima unamnyang'anya mama breki akiwa kwenye mteremko.

Kwanza hofu iondoke. Alama ya kurejesha ni pale Windows inapohifadhi hali ya faili za mfumo, programu zilizowekwa na rejistri (daftari la mipangilio ya Windows) kama zilivyo dakika ile, ili mambo yakiharibika urudi hapo. Picha zako, barua zako na kazi za mtoto hazimo katika hesabu hiyo, ukirejesha mfumo hazirudi nyuma. Windows huweka alama hizi yenyewe kabla ya masasisho, programu nyingi huiomba iweke kabla ya kujisakinisha, na programu za ulinzi huiomba kabla ya kung'oa faili wanayoitilia shaka, wasije wakang'oa faili nzuri mashine ikashindwa kuwaka. Hata Defender ya Windows yenyewe ina mpangilio huo, na alama yake hutokea kwa jina "Windows Defender Checkpoint". Watu wengi wameliona jina hilo wakadhani wamevamiwa.

Mvamizi hufanya kinyume. Wale wanaofunga faili za watu na kudai pesa, moja ya amri zao za kwanza ni vssadmin delete shadows /all /quiet, yaani futa kila nakala ya kivuli, ambamo alama hizi huhifadhiwa, kimya kimya. Hawakuwekei njia ya kurudi, wanaibomoa.

Lakini idadi yako nayo si ya kawaida. Tangu Windows 8, programu ikiomba alama wakati kuna nyingine ambayo haijatimiza saa 24, Windows huiruka. Wewe unapata mbili ndani ya dakika chache, kwa hiyo kuna aliyeondoa huo mpaka. Tumtafute. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Event Viewer, yaani daftari la matukio ya Windows, fungua Windows Logs, kisha Application. Upande wa kulia kuna kuchuja, weka namba 8194. Kila tukio la namba hiyo ambalo Source yake ni System Restore ni alama iliyowekwa, na ndani yake kuna neno Process likifuatiwa na njia ya faili. Hiyo ndiyo saini ya aliyeomba. Ninakilie mstari huo hapa. Ukikuta humo jina la mtumiaji wa nyumbani kwako, toa kwanza kabla ya kutuma kundini.

Na ujibu swali la Baba Salma, si utani. Saa ni ushahidi.

Kutoka: Mama Zawadi, Toronto

Dada, kuhusu simu. Kama hukumfungulia ukurasa wowote, hukusakinisha programu ya kumruhusu aione skrini yako, na hukumsomea namba yoyote iliyoingia kwenye simu yako, basi hakuingia kwa kukupigia tu. Wanapiga namba maelfu wakitafuta mwenye hofu. Mama mkwe wangu walimshika dakika arobaini, wakamfungulia huo huo Event Viewer anaousema Fundi, wakamwonyesha alama nyekundu za makosa wakamwambia ni virusi. Makosa yale yapo kwenye kila kompyuta, hata mpya. Kwa hiyo ukifungua ukaona nyekundu na njano, usishtuke.

Nyingine: hii ni laptopu yako au ya kazini? Kama ni ya kazini usiiguse kabisa, mpigie mtu wao wa kompyuta.

Kutoka: Mama Neema, Leeds

Ni yangu, nilinunua kwa pesa yangu. Na huyo wa simu sikumfungulia kitu, nilikuwa na sufuria motoni.

Baba Salma, ni saa tisa na dakika kumi usiku. Saa hizo mimi niko zamu. Laptopu inabaki mezani imechomekwa chaji, mwanangu huiacha wazi inapakua michezo yake. Hakuna mtu anayeigusa.

Nimefungua Event Viewer. Mama Zawadi asante, bila wewe ningefunga na kukimbia, nyekundu zimejaa! Nimechuja 8194. Ya Windows Update zipo mbili tu, Process yake ina svchost.exe. Zote zilizobaki njia inaanzia C:\Program Files na folda ni ya ile programu ya ulinzi ya majaribio. Ila faili yenyewe haina jina la ulinzi, ina neno la usafi, kama kitengo cha kufagia. Na maelezo ya alama yako ya aina mbili, kuna ya kabla ya kusafisha na ya kabla ya kusasisha programu nyingine. Kila baada ya siku mbili.

Kutoka: Fundi, Minneapolis

Umemkamata. Mlinzi wako amepewa na kazi ya kufagia. Programu nyingi za ulinzi siku hizi zinakuja na kitengo cha kuondoa mabaki na kuharakisha mashine, na kitengo hicho hufanya kazi usiku mashine ikiwa haina mtu. Kabla hakijafuta, kinaweka alama. Kabla hakijasasisha programu zako nyingine, kinaweka tena. Kwa hiyo kinafagia megabaiti kadhaa na kuacha gigabaiti. Mimi kwa maoni yangu vifagio hivi havina faida yoyote kwenye diski ndogo, Windows ina usafishaji wake, lakini nyumba ni yako.

Fungua Command Prompt, dirisha la kuandika amri, kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator. Andika amri mbili hizi, moja moja:

vssadmin list shadowstorage

reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\SystemRestore" /v SystemRestorePointCreationFrequency

Zote mbili zinasoma tu, hazibadilishi kitu. Ya kwanza itakuambia alama zimekula kiasi gani na kikomo chake ni kipi. Ya pili ndiyo ninayoisubiri. Namba yake huhesabiwa kwa dakika. Kama amri itasema haikuipata, Windows inatumia 1440 zake za kawaida, yaani siku nzima. Ikikujibu 0x0, yaani sufuri, maana yake kila anayeomba alama anapewa papo hapo, hata kama ya mwisho ina dakika tano.

Kutoka: Mama Neema, Leeds

Ya kwanza: Used 21 GB na kitu, Maximum 23 GB na kitu, na pembeni 20%.

Ya pili: 0x0.

Mwanangu anapiga makofi hapa kama tumeshinda mechi.

Kutoka: Fundi, Minneapolis

Ashike adabu, bado hatujamaliza.

Diski ya 128 GB Windows huihesabu kama 119 hivi, ndiyo maana asilimia 20 inatoka 23 na kitu. Kwa laptopu ya ukubwa huo ni nyingi mno. Fuata mpangilio huu, usiurukie.

Anza na kitengo cha usafi. Ingia ndani ya programu yenyewe, zima usafi wa ratiba na usasishaji wa programu nyingine. Kama muda wa majaribio umekwisha au huutaki, ing'oe kabisa kupitia Settings, Apps. Ukiing'oa, washa upya mashine kisha fungua Windows Security uhakikishe Defender imeamka. Huwa inalala yenyewe ikiwepo antivairasi nyingine, na huamka yenyewe ikiondoka, ila mabaki ya ile ya kwanza yakibaki inaweza kugoma. Watengenezaji wengi wana kifaa chao cha kung'oa mabaki, kichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, si kwenye tangazo la kwanza utakaloliona ukitafuta.

Kisha ile sufuri. Ukianza nayo wakati kitengo cha usafi kingalipo, kinaweza kuirudisha. Amri ni ile ile, badala ya reg query andika reg delete, na mwisho wake ubaki hivyo hivyo. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza Enter: lazima /v na lile jina refu viwepo, la sivyo unafuta ufunguo mzima, yaani kundi lote la mipangilio hiyo. Itakuuliza, jibu Y. Windows itarudi kwenye 1440 zake.

Mwisho ni nafasi. Andika SystemPropertiesProtection kwenye kisanduku cha kutafuta, chagua diski C, bofya Configure. Utaona kitelezi cha Max Usage, kishushe mpaka asilimia 6 au 7. Alama za zamani zitaondoka zenyewe mpaka zitoshee humo. Usibofye Delete, na usichague kuzima. Halafu weka yako moja kwa kitufe cha Create, uipe jina unalolijua, na tarehe.

Na siku ukihitaji kurejesha kweli: kwenye orodha chagua alama kisha bofya Scan for affected programs, itakuonyesha programu gani zitaondoka. Kama urejeshaji utakwama ukakuambia pengine kuna antivairasi inayofanya kazi, hilo hutokea, mlinzi anazuia faili zake zisibadilishwe. Ingia Safe Mode, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu, ujaribu kutoka huko.

Jambo moja la Windows 11: kwenye toleo la 24H2, tangu sasisho la Juni 2025, alama huhifadhiwa hadi siku 60 tu. Kwa hiyo alama si akiba ya picha za harusi. Hizo zibaki kwenye diski yako ya nje.

Kutoka: Mama Neema, Leeds

Nimeng'oa. Defender imeamka, tiki ya kijani. Ile reg delete mwanangu alisoma kwa sauti mimi nikaandika, tukarudia mara tatu. Kitelezi nimekiweka 6, na nimepata GB 14 papo hapo, kistari kimerudi bluu. Alama yangu nimeiita "Mama Neema baada ya kufukuza fagio".

Nitaangalia tena baada ya usiku wa zamu mbili.

Kutoka: Baba Salma, Muscat

Hongera wewe, na mie nimesoma kitu. Nimekwenda kuchungulia kompyuta ya mke wangu. 8194 zipo chache, lakini kuna 8216 tele, zimejipanga kama siafu. Na sisi tumepatikana?

Kutoka: Fundi, Minneapolis

La, Baba Salma. 8216 ni Windows inasema: nimeombwa alama, nimekataa, ya karibuni ipo. Mpaka wa saa 24 kwenu unafanya kazi. Soma tu Process ujue ni nani anayebisha hodi kila mara.

Kutoka: Mama Neema, Leeds

Zamu mbili zimepita. 8194 mpya ni moja, ya Windows Update, saa nane usiku. Ya saa tisa na dakika kumi hakuna.