Sesheni ya Vim inanirudishia seting za zamani, nifanyeje?

fundi_kodi
Wakuu habari za saa hizi. Kazi zangu karibu zote nafanyia kwenye Vim, kile kihariri cha maandishi cha kwenye teminali, na huwa nafungua mafaili mengi kwa mpigo, madirisha matatu manne yamegawanywa, vichupo vimejaa juu, sasa nikizima mashine kesho yake inabidi nianze kupanga upya moja moja na hapo nishasahau nilikuwa naangalia mstari gani. Nikaelekezwa `:mksession`, amri inayosevu sesheni yaani mpangilio wa mafaili na madirisha yaliyo wazi, nikaijaribu, nikifungua na `vim -S` kila kitu kinarudi pale pale, safi kabisa. Shida imeanza nilipogusa vimrc, faili la seting za Vim. Nimebadilisha shotikati kadhaa na kuongeza plagini mpya (programu ndogo ya kuiongezea Vim uwezo), nikifungua Vim tupu zinafanya kazi vizuri tu, ila nikirudisha ile sesheni shotikati za zamani ndo zinarudi na plagini inanitupia eror E117. Kwani sesheni inabeba na seting? Halafu la pili, kuna siku mashine ilizima ghafla, nikarudisha sesheni, maandishi niliyokuwa sijasevu hayapo. Mi nilijua hiyo ndo kazi yake.

mzee_wa_bafa
Mkuu, hilo faili la sesheni lifungue ulisome, ni skripti ya Vim ya kawaida tu. Utakuta `cd` ya folda ya mradi, mistari kama `badd +58 malipo.py` yaani jina la faili na mstari uliokuwepo, halafu amri za kugawa madirisha na vipimo vyake. Kwako wewe juu ya hayo yote utakuta lundo la `set` (seting) na `map` (shotikati), na hapo ndo penye mchawi. Kwenye Vim, sessionoptions, ile seting inayosema sesheni ibebe nini, tangu mwanzo inakuja na `options` ndani yake, kwa hiyo ukisevu sesheni inazoa seting na shotikati zote za siku hiyo, na kwa kuwa sesheni inasomwa baada ya vimrc, yenyewe ndo inakuwa na kauli ya mwisho. Mbaya zaidi inazoa mpaka runtimepath, ile orodha ya folda ambazo Vim inatafutia plagini. Plagini yako mpya haimo kwenye orodha ya zamani, Vim inaitafuta fankshen haiioni, ndo hiyo E117.

Weka hii kwenye vimrc:

`set sessionoptions-=options`

Kisha fungua sesheni yako mara moja tu ya mwisho ikiwa na uchafu wake, piga `:mksession!` ukilitaja faili lile lile, usisahau alama ya mshangao maana bila hiyo inakataa kuandika juu ya faili ambalo tayari lipo, toka, ingia tena. Neovim, ndugu yake Vim aliyetengenezwa upya, wenyewe walishaiondoa `options` kwenye chaguo la mwanzo, kwa hiyo watu wa huko hawakutani na hili.

La pili, sesheni haihifadhi maandishi hata kidogo, inajua faili gani zilikuwa wazi na zimekaaje basi. Ambacho hujasevu kitafute kwenye faili la swapu, lile la akiba ambalo Vim inaliandika yenyewe unapofanya kazi, `vim -r malipo.py`, mara nyingi unakuta karibu yote ipo. Na kabla ya kusevu sesheni jizoeze kupiga `:wa`, inasevu mafaili yote.

nusu_koloni
Mzee kamaliza, mi naongezea tu, usikae unapiga mksession kwa mkono utachoka, utasahau siku ile ile unayoihitaji. Weka plagini ya Tim Pope inaitwa obsession, unapiga `:Obsess` mara moja kwenye mradi, basi, inaendelea kuapdeti faili lenyewe kila ukibadilisha mpangilio na ukitoka. Ukichoka nayo `:Obsess!` inaizima na kufuta faili. Na hilo Session.vim, yaani faili la sesheni, liweke kwenye gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git, mfumo wa kutunza matoleo ya kodi, inayaruka) jamani, nani anataka kuona folda za mashine yako kwenye komiti.

dirisha_wazi
Haya mateso yote ya nini 😂 Kihariri cha VS Code ukifunga ukafungua unakuta hata kile ulichokuwa hujasevu kipo, iko kwenye seting ya `files.hotExit`, na ukiwasha `scm.workingSets.enabled` kila tawi la Git linakumbuka vichupo vyake, ukihama tawi vinabadilika vyenyewe.

mzee_wa_bafa
@dirisha_wazi hiyo ya matawi kweli wametupiga bao, sibishi. Ila teminali ndani yake ukizima programu yote inarudi na maandishi ya zamani tu, seva uliyokuwa umeiwasha haiamki. Watu wanaona ile logi wanadhani inatembea kumbe imekufa kitambo.

mpita_njia
Mi sijawahi kuona faida ya sesheni aisee. Faili ninazozihitaji asubuhi ni zile nilizozigusa jana, na Git inazijua, so nasimama kwenye folda kuu ya mradi napiga `vim -p $(git diff --name-only)` zinafunguka zote kila moja na kichupo chake. Sesheni ukiitunza muda mrefu inageuka stoo, unarudishiwa faili hamsini za bagi ambayo ilishafungwa na unaona uvivu kuzitoa.

fundi_kodi
Nimefanya kama alivyosema mzee, E117 imekwisha na shotikati mpya zinaitika. Lile faili la zamani lilikuwa na `map` nyingi balaa, hili jipya fupi hata linasomeka. @mpita_njia yako nimeielewa ila mi nusu ya faili ninazofungua nasoma tu sizigusi, Git haitazijua. Sasa swali la mwisho, nikirudisha sesheni nikabonyeza `u` ya kutengua mabadiliko hairudi nyuma, inaniambia nipo kwenye badiliko la zamani kabisa.

mzee_wa_bafa
Hiyo haiko kwenye sesheni, ni `set undofile`, inatunza historia ya mabadiliko kwenye faili, na undodir, yaani mahali pa kuitunzia, uielekeze kwenye folda ambayo tayari umeitengeneza, Vim haitakutengenezea. Ila jua kitu kimoja, faili likibadilishwa na kitu kingine nje ya Vim, mfano umevuta kodi mpya kwa `git pull`, inalinganisha ikiona hazifanani inaitupa ile historia.

nusu_koloni
na undodir nayo usiiweke ndani ya mradi 😅